Namba za Mkono wa Kushoto

Dada yangu Ikue ana miaka hamsini na saba. Kazi yake ni msaidizi wa daktari wa meno hapa Hamamatsu, Japani, lakini ukimwuliza mwenyewe atakwambia yeye ni mpiga ngoma. Kwenye ghorofa anayokaa ngoma za kweli hazipigiki, maana mama wa ghorofa ya chini angeita polisi kabla wimbo haujaisha. Kwa hiyo anazo za umeme: vibao vya mpira vilivyounganishwa na kisanduku cha sauti. Yeye husikia kila kitu kwenye hedfoni, na jirani husikia tap tap tu, kama mtu anayekatakata vitunguu.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, alinipigia simu.

"Toshiharu, nataka matoazi mawili zaidi. Moja kushoto, moja kulia."

"Kisanduku chako kimejaa, dada. Hakijabaki na tundu hata moja."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe, sikumpigia fundi bomba."

Mimi ni fundi wa vinanda vya umeme. Dukani nilikuwa na kisanduku cha ngoma cha zamani ambacho mteja alikitelekeza, nikakibeba Jumapili asubuhi pamoja na matoazi mawili ya mpira. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Matoazi mapya yanaingia kwenye kisanduku cha pili, na kisanduku cha pili kinaongea na cha kwanza kwa waya wa MIDI. Waya huo haupitishi sauti, unapitisha namba tu: kipi kimepigwa, na kwa nguvu kiasi gani, kuanzia moja mpaka mia moja ishirini na saba. Niliunganisha na kompyuta yangu pia, nizione hizo namba wakati narekebisha.

"Haya, piga la kulia," nikamwambia.

Akapiga. Mia moja na tisa.

"La kushoto."

Hamsini na nane.

"Tena, kwa nguvu."

Sitini na moja.

"Umeniletea takataka," alisema Ikue. "Toazi gani hili linanong'ona?"

Nikadhani ni waya. Nikabadilisha waya, namba zikabaki zilezile. Nikayahamisha matoazi yenyewe, la kulia likaenda kushoto na la kushoto likaja kulia. Akapiga. Udhaifu ulibaki kushoto.

"Inuka kidogo," nikamwambia. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikapiga toazi la kushoto kwa mkono wangu wa kushoto. Mimi si mpigaji, mikono yangu imezoea bisibisi. Mia moja na kumi na mbili.

Nikacheka. Mpaka leo najutia kicheko kile. "Kumbe toazi zima! Wewe ndiye unalipapasa kama unambembeleza mjukuu wa watu."

"Nimepiga kwa nguvu zangu zote."

"Acha utani, dada."

"Toshiharu. Kwa nguvu zangu zote."

Nikamwangalia usoni, nikaona hatanii. Nikampisha akae. Nikamwomba alipige toazi hilohilo la kushoto kwa mkono wa kulia. Mia moja na saba. Kisha kwa mkono wa kushoto. Aliinua fimbo mpaka juu ya bega, akauma meno, akashusha. Hamsini na tano.

Ile namba ilikuwa bado kwenye kioo cha kompyuta na hakuna aliyetaka kuifuta.

Ikue ana tabia moja: kila anapofanya mazoezi hurekodi, na kwa kuwa ngoma ni za umeme, kinachorekodiwa ni namba zilezile. Nikafungua faili za nyuma. Ile ngoma ndogo iliyo katikati ya magoti yake huipiga kwa mkono wa kushoto karibu kila wimbo. Mwezi wa kwanza ilikuwa mia na kidogo. Mwezi wa nne, tisini. Mwezi wa saba, sabini na kitu. Wiki iliyopita, sitini na mbili. Niliziangalia mara mbili.

"Na hukusikia?" nikamwuliza. "Masikio yako yote hayo!"

"Nilisikia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani kisanduku kimezeeka. Nimekuwa naongeza sauti ya ngoma hiyo. Kidogo kidogo."

Nikakitazama kisanduku. Kitufe cha sauti ya ngoma ile kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho.

"Kuna kingine chochote?"

"Vifungo vya sare ya kazini vinanichelewesha asubuhi. Na bakuli la wali limenidondoka mara tatu. Si uzee?"

"Uzee wa mkono mmoja?"

Jumatatu hakwenda kazini. Hospitali tulipokelewa na Daktari Oba, mwanamke mfupi anayeongea haraka. Kabla ya kipimo chochote alimwambia Ikue akunje na kukunjua ngumi upesi kadiri awezavyo kwa sekunde kumi, akawa anahesabu. Mkono wa kulia, mara ishirini na tatu. Wa kushoto, mara kumi na moja. Hapo daktari akaacha kuongea haraka.

Picha za shingo zilirudi alasiri. Alituonyesha mstari mweupe nyuma ya mifupa ya shingo. Ule ukano unaopita pale, alisema, umegeuka kuwa mfupa, na mfupa huo unaukandamiza uti wa neva unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Mahali pamoja uti huo ulikuwa umebaki mwembamba kama utepe.

"Unapanda baiskeli, mama?" akauliza.

"Kila siku. Ndiyo usafiri wangu wa kazini."

"Kuanzia leo usipande. Ukianguka na shingo hii, hata anguko dogo, unaweza usiinuke tena. Mikono na miguu, vyote."

Ikue hakulia. Aliomba arudie. Daktari akarudia, neno kwa neno.

Alipasuliwa baada ya siku tisa. Walifungua mifupa ya shingo kwa nyuma kuupa uti nafasi, kazi ya muda wa saa nne na nusu, na mimi nilikuwa nje nimeshika mfuko wa machungwa niliosahau kuuweka chini. Alipoamka, kitu cha kwanza alichofanya ni kukunja ngumi ya kushoto chini ya shuka. Mkono haukurudi wote. Daktari alisema wazi kwamba lengo lilikuwa kuuzuia usizidi kudhoofika. Lakini vifungo anafunga, bakuli anashika, na wenzake wa bendi wamekubali kumsubiri.

Siku ya kutolewa nyuzi, Daktari Oba alimaliza naye, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa namshikia koti.

"Nyinyi ni ndugu wa damu?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Ugonjwa huu hupenda kutembea kwenye familia. Ingia chumba cha picha."

Nilijiona mzima kabisa. Nikaingia ili kumridhisha tu. Baada ya saa moja aliweka picha yangu kwenye kioo, na mstari mweupe ulikuwepo. Mfupi kuliko wa dada, haujafika kwenye uti, lakini ulikuwepo, ndani ya shingo niliyoiinamisha juu ya meza ya kazi miaka thelathini. Aliniambia nipigwe picha kila baada ya miezi sita. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikaanza kutikisa kichwa kukubali.

Ikue alikuwa kwenye kiti pembeni, kola ya plastiki ikimbana kidevu hadi akalazimika kugeuza mwili mzima ili anione.

"Toshiharu," alisema, "umeulizwa swali. Na usitikise kichwa. Jibu kwa mdomo."