Diski Juu ya Glasi

Javed na Shaibu waligombana Jumamosi moja baada ya alasiri, sebuleni kwa Shaibu, kwa sababu ya glasi ya ukwaju. Glasi yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa juu yake: diski ya gemu ya mbio za magari, imelazwa kifudifudi kuzuia nzi, na ukingoni mwake tone la ukwaju limening'inia.

Javed ndiyo kwanza alikuwa ameingia. Akasimama katikati ya mkeka.

"Shaibu. Nini hicho?"

"Ukwaju. Karibu, mwingine upo kwenye friji."

"Nauliza cha juu yake."

Shaibu akatazama kama mtu aliyeulizwa jina la paka wa jirani. "Ah, hiyo. Nzi wamezidi leo. Msimu wa embe huu."

Pembeni alikaa Kassian, ofisa wa hifadhi ya bahari, mtu wa bara aliyekuwa akipanda pikipiki kutoka Utende kila Jumamosi kuja kucheza nao. Kassian aliinamia padi yake akajifanya anahesabu vitufe.

Wawili hawa walikuwa marafiki tangu walipokalishwa dawati moja, shule ya msingi, hapo hapo Kilindoni. Javed, mtoto wa mzee Karmali, alikuwa na duka la viatu na nguo karibu na soko. Kila alipokwenda Dar kufuata mzigo alipitia Kariakoo kwa binamu yake Irfan, muuza gemu, akarudi na diski mpya moja au mbili. Shaibu alikuwa fundi wa injini za boti. Mashine ya gemu aliinunua kwa mgeni mmoja mpiga mbizi aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Kwa hiyo mashine ilikuwa ya Shaibu na diski zilikuwa za Javed, na miaka yote hiyo hakuna aliyeona haja ya kulisema jambo hilo kwa sauti.

Tofauti yao ilikuwa mikononi. Javed alishika diski kwa ncha za vidole, pembezoni, kama mtu aliyeshika chapati ya moto, na akimaliza aliirudisha kwenye kasha lake na kulisikiliza likilia *ta*. Shaibu aliikamata kwa kiganja kizima, kiganja ambacho grisi haikuwahi kutoka yote, akaipangusa kwenye shati kwa kuizungusha, kisha akaitupia juu ya televisheni pamoja na wenzake, uchi, mahali ambapo jua la jioni lilipiga kupitia dirishani. Ukimwambia kitu alikuuliza, "Inacheza au haichezi?" Na nyingi zilicheza. Hilo ndilo lililomuudhi Javed zaidi.

Siku ile hakuvumilia. "Unafuta diski kama unasugua masizi ya sufuria! Unaziacha juani! Sasa umezifanya vifuniko!"

"Diski ni ya kuchezwa, bwana, si ya kuposwa."

"Kuposwa! Wewe hata mke ungemwacha juu ya televisheni!"

Maneno hayo yalifika jikoni. Javed hakungoja jibu. Alichungulia mlango wa uani, kwa Mwanasiti, mke wa Shaibu. "Shemeji, niazime kikapu."

Mwanasiti alidhani ugomvi umekwisha na anakwenda kununua samaki, akampa kikapu, tena kile kizuri. Javed akazoa diski zote, za juu ya televisheni, za chini ya kochi, pamoja na ile ya glasi, ambayo aliikausha kwa leso yake kwanza. Makasha matupu akayapachika ubavuni.

"Chukua zote!" Shaibu akasema. "Na mashine yangu usiiguse."

"Sina haja na mashine yako."

"Na mimi sina haja na diski zako."

"Sasa mimi je?" Kassian akauliza. Javed alikuwa ameshavuka mlango.

Nyumbani Javed alimwaga kikapu kitandani na kuanza kuoanisha diski na makasha yake. Alipofika la mwisho, la gemu ya mpira wa miguu, akalikuta tupu. Diski ya mpira ilikuwa imebaki tumboni mwa mashine. Akakaa na lile kasha mkononi. Kurudi kuidai asingeweza. Ndiyo kwanza ametoka kwa kishindo.

"Mwache nayo," alisema Alifya, mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akimtazama. "Utajua anavyoitunza."

"Ataila na samaki."

Kisiwani Mafia hapana urafiki na vitu vya watu. Chumvi inaingia hata ndani ya kufuli, na masika yakianza, mkanda wa ngozi uliouacha msumarini unaota ukungu. Javed alilijua hilo vizuri, viatu vya dukani vilikuwa vimemfundisha. Aliamua diski zake zitapata makazi yasiyo na mfano kisiwani. Alifya alikuwa na sanduku la bati la nguo za harusi, lenye mfuniko unaobana. Akampa nusu ya nafasi. Javed akasimamisha makasha yake yote wima, migongo juu, yakakaa kama vitabu. Mpaka hapo alifanya vizuri kabisa.

Halafu akawaza mende. Mende wangekula karatasi zenye picha za kasha. Akaenda dukani akarudi na mfuko wa naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye nguo, akavipanga kila upande. Akaona bado. Akaanza kufungua kasha moja moja na kutia kidonge ndani.

"Unazidisha," Alifya akasema, akiziba pua kwa ncha ya mtandio. "Shali zangu naziwekea viwili tu kwa sanduku zima."

"Shali hainunuliwi Kariakoo kwa kupigania foleni."

Alifya akaondoa shali zake akazihamishia kabatini. Javed akafunga sanduku, na usiku huo akalala kama mtu aliyemaliza ibada.

Wiki zikapita. Asubuhi Shaibu alipokwenda karakana yake ufukweni alizungukia barabara ya nyuma asipite mbele ya duka. Javed naye akaacha kunywa kahawa ya sokoni, akawa anapelekewa birika. Aliyetaabika ni Kassian. Jumamosi alifika Kilindoni kwa mazoea, akapaki pikipiki katikati, asijue aelekee wapi. Kwa Javed aliletewa diski azitazame kwa mbali, sanduku likafunguliwa kidogo na kufungwa. Kwa Shaibu alipewa chai mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Anacheza ile ya mpira?" Javed alimuuliza siku moja, akijifanya anapanga kandambili.

"Kaka Javed, mashine imefunikwa kanga. Hata vumbi limeanza juu ya kanga."

Javed akageuka kupanga kandambili zile zile upya.

Kisha mvua ikanyesha mfululizo, na jua lilipotoka Alifya akaanika kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Zamu ya sanduku ilipofika akalifungua, akarudi nyuma kwa ule ukali wa harufu, akaita, "Javed! Njoo. Njoo taratibu."

Makasha yalikuwa yamepinda. Mengine yalinata, ukiyashika yanakuachia alama za vidole kama unga mbichi. Kila penye kidonge plastiki ilikuwa imeingia ndani na kulainika. Javed akafungua moja kwa kulivuta kwa nguvu: diski ilikuwa na utando mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akafungua la pili na la tatu, halafu akakaa chini sakafuni.

Alimpigia Irfan simu. Hakusema ni yeye. Alisema kuna mteja wake mmoja, mtu wa huko Baleni, ametia naftalini kwenye diski.

Irfan akacheka hadi mtandao ukaanza kukatakata. "Mwambie mteja wako ile dawa inakula plastiki! Joto la huko, sanduku limefungwa, ule moshi wake uende wapi? Azitoe upesi. Azioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, afute kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, asizungushe. Nyingine zitapona." Akapumua. "Hujambo lakini, binamu?"

"Sijambo."

"Pole."

Kwa hiyo alijua.

Javed aliosha diski mbili mwenyewe, karoni. Ya pili ikamponyoka ikapiga sakafu. Alifya akaiokota, akaifuta, akaiweka kando.

"Kazi hii inataka mtu aliyezoea vitu vilivyoharibika," akasema. "Na unamjua."

"Atanicheka."

"Atakucheka. Halafu je?"

Javed akatafuta kilicho baada ya hapo, asikione. Akachukua kikapu cha Mwanasiti.

Karakana ya Shaibu ilikuwa banda la makuti, injini zimening'inizwa kwenye boriti kama mbuzi waliochunwa. Shaibu alikuwa ameinamia moja, plagi mdomoni. Hakusikia hatua. Kilichomfikia kwanza ni harufu. Akatoa plagi.

"Mbona pananuka kafuri? Nani kafa?"

"Assalaam alaykum."

Shaibu akageuka. "Waalaykum salaam." Kisha akatazama kikapu. "Kuna msiba?"

"Upo," Javed akasema, akaweka kikapu juu ya meza.

Shaibu akafunua. Akachukua kasha moja, likainama mkononi kama kipande cha boga lililochemshwa. Akacheka. Alicheka akashika meza, akacheka mpaka vijana waliokuwa wakikwangua mtumbwi wakainua vichwa. Alipofuta machozi akamwona Javed, aliyekuwa amesimama bila kujitetea, mikono imelegea, na kicheko chake kikakosa pa kwenda.

"Zote?"

"Zote. Nilitia mwenyewe. Alifya alinikataza."

Shaibu akavuta kigoda akampa. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akanawa tena, akaikagua kucha kwa kucha. "Haya, niambie zinashikwaje."

Mchana wote ule walifanya kazi hiyo. Javed alieleza, katikati kwenda nje, usizungushe, na Shaibu akafuata bila ubishi. Makasha yaliyogoma aliyakata kwa kisu chembamba, kwa ustadi ule ule wa kutoa kifuniko cha kabureta bila kuchana gasketi. Walipata beseni moja la kuosha, moja la kusuuza, na kanga ya zamani ya kukaushia. Zilizopona waliziegemeza ubaoni kivulini. Zilizokwisha waliziweka upande mwingine, na ya mbio za magari ilikuwa ya kwanza kati ya hizo. Javed aliishika muda mrefu kuliko nyingine.

"Ile siku ya glasi," Shaibu akaanza.

"Iache."

"Siiachi. Sikufikiri ni kitu. Wewe ndiye uliyezibeba kutoka Dar, baharini, kifuani mwako, mimi naona zimetokea tu." Akafuta nyingine. "Ile ya mpira imo ndani ya mashine. Nilijua siku ile ile."

"Na hukucheza?"

"Nilicheza mara moja. Nikafunga bao zuri, la kichwa. Nikageuka nimcheke mtu, hakuna mtu." Akaipeleka diski kwenye mwanga. "Nikazima."

Javed akanyoosha mkono. Alimpokea ile diski akaiegemeza pamoja na wenzake.

Makazi mapya waliyajenga siku zilizofuata, kwa kugombana kama kawaida yao. Shaibu alikuwa na boksi la barafu lililotupwa na hoteli moja, bawaba zimevunjika. Akalitia bawaba na kufuli, akabadili mpira wa mfunikoni ili hewa ya chumvi isipite, akachonga ndani kichanja cha mbao, kila diski na mwanya wake, zisimame bila kugusana. Javed akaleta kutoka dukani vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu kunyonya unyevu, ambavyo siku zote alikuwa akivitupa. Shaibu akataka kutia vingi.

"Viwili," Javed akasema. "Tusizidishe."

Boksi likawekwa kwa Shaibu, mbali na dirisha, kwa sababu mashine ilikuwa pale. Ufunguo Javed aliutaka, Shaibu akakataa, mwishowe Mwanasiti akaupokea akauning'iniza shingoni. "Nyinyi wote wawili siwaamini," akasema.

Jumamosi Kassian alipofika alikuta viatu vya Javed mlangoni. Alivua vyake mbio mbio akasahau kimoja mguuni. Alifya alikuwa uani na Mwanasiti, wakikuna nazi na kucheka. Kanga imeondolewa juu ya mashine, na diski ya mpira inazunguka.

Kassian alimtandika Javed, akamtandika Shaibu, hakuona huruma. Alikuwa na wiki nyingi za kulipiza. Ilipofika mechi ya Javed na Shaibu, mabao yakawa sawa, wote wawili wamesogea mbele mpaka magoti yanagusa televisheni, Shaibu akamtoka beki, akabaki na kipa, akanyanyua mguu, na umeme ukakatika.

Kilindoni yote ikanyamaza, redio za jirani, mafeni, mashine ya kusaga.

"Lile lilikuwa bao," Shaibu akasema.

"Lilikuwa linatoka nje."

"Bao! Kassian, sema!"

"Mimi ni ofisa wa serikali," Kassian akasema. "Sisemi."

Mwanasiti akawaletea mihogo ya nazi, ikiwa bado inafuka. Wakahamia barazani kupata upepo, sahani katikati, wakaendelea kubishana juu ya mguu wa mchezaji ambaye hakuna atakayemwona tena. Umeme ulirudi muda si mrefu. Waliuona, taa ya sebuleni ikawaka nyuma yao. Hakuna aliyeinuka.