Mizani Aliyoitoa Dhiren

Talib, Mpemba aliyefanya kazi ughaibuni, kwenye ghala moja la Hayes, alikuwa na starehe moja tu: kulenga shabaha kwa bunduki. Leseni alikuwa nayo, klabu alikuwa nayo, na risasi zake alizijaza mwenyewe nyumbani, ganda moja moja. Aliyemfundisha kazi hiyo ni Dhiren, mzaliwa wa Tanga, mpima macho mwenye duka lake mtaa wa Queensbury, mwenzake wa klabuni.

Mwaka 2004 Talib alitaka kununua mizani mpya ya kupimia baruti. Kwenye duka la bunduki alisita baina ya mizani mbili, ya mkono wa shaba na ya umeme. Dhiren, aliyefuatana naye, akamshika bega.

"Ya nini kununua, bwana? Ya umeme ninayo nyumbani, sijaitumia hata mara tatu. Chukua, iwe zawadi."

Tangu hapo risasi za Talib zikawa zinatawanyika. Mbili katikati, ya tatu juu, ya nne chini kabisa. Akaenda kupimwa macho kwa Dhiren.

"Macho yameanza kuchoka, Talib. Ndio umri."

Akamtengenezea miwani. Risasi zikazidi kutawanyika, na nafasi moja iliyobaki kwenye timu ya klabu akaipata Dhiren.

Mke wa Talib, Sheikha, alifanya kazi katika duka la dawa. Jumapili moja alikuja na kijiwe cha kuhakikia mizani, ambacho uzito wake unajulikana. "Hebu pima hiki."

Wakapima mara tatu; zikatoka hesabu tatu tofauti.

"Macho yako mazima, mume wangu. Mbovu ni hii mizani."

Talib akalipekua boksi la mizani. Chini ya sponji kulikuwa na barua ya fundi, jina la Dhiren juu yake: mizani haitengenezeki, isipimiwe baruti tena.

Kesho yake alikwenda Queensbury na kuiweka barua mezani.

"Ulijua?"

Dhiren aliisoma kama mgeni nayo. "Nafasi ilikuwa moja, Talib. Mimi nina miaka sitini na mbili."

"Baruti ikizidi, bunduki humpasukia mtu usoni. Sheikha angenizika."

"Nilidhani utaichoka mapema, uiache."

"Ukanipima macho, Dhiren. Ukaniangalia ndani ya macho, ukaniambia nazeeka."



Dhiren alijitoa klabuni kabla hajaitwa na viongozi kujieleza. Talib alinunua ile ya mkono wa shaba, na msimu uliofuata nafasi ikawa yake. Wenzake walimpa mkono mmoja mmoja, wakampongeza kwa Kiingereza. Aligeuka kumtafuta wa kumwambia, "Tumeweza, bwana," na pale klabuni hakuwapo mwingine aliyejua Kiswahili.