Diski Iliyojaa Wakati wa Mnyororo

Wiki ile nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Kanisa letu la kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, lilikuwa kwenye mnyororo wa maombi: kikundi kinatoka, kingine kinaingia, usiku na mchana hadi Pentekoste, sauti isinyamaze. Mimi nilishika funguo za chumba cha nyuma, ambako seva ilirekodi kila neno. Seva ni kompyuta isiyolala. Watu huleta flash zao, wanawekewa ibada wakasikilize nyumbani.

Humo ndimo mahubiri ya mume wangu yalimokuwa. Pasta Grégoire tulimzika mwaka 2009, na kaseti zake, baada ya kuhamishiwa humo, unyevu ulizimaliza. Sauti yake haikuwa na fasi nyingine duniani.

Basi seva ikajaa. Shemasi Anselme, aliyeitunza, akafuta mahubiri ya wageni. Kesho yake ikajaa tena. Akafuta nyimbo za kwaya, ikajaa. Mwishowe akaita fundi kutoka mji wa Mbarara, Mbabazi, mtu mzima mwenye kitambi, akafika na vumbi la barabara ya Isingiro mpaka kwenye nyusi.

Alikaa mbele ya seva muda mrefu, akiandika amri zake na kuguna.

"Maama, hii kitu iko na ugonjwa," akaniambia. "Nahesabu mafaili yote, haifiki hata nusu ya diski. Nauliza diski yenyewe, inasema imejaa."

"Futa tu dosiye ya Pasta Grégoire," Anselme akasema. "Ni vitu ya zamani. Tupate nafasi ya Siku ya Bwana."

Alitaka folda nzima ya mume wangu ifutwe, nami nimesimama pale na ufagio. Nilimlilia Mungu moyoni.

"Ngoja, ssebo," Mbabazi akasema, akimwita bwana kwa lugha ya kwao. "Nikifuta bila kujua ugonjwa, kesho utaniita tena. Kutoka Ruti, kule Mbarara, mpaka hapa, mgongo yangu si ya chuma. Kuna faili kubwa mlifuta juzi juzi?"

Anselme akaniangalia, akaangalia mlango, akashusha sauti.

"Ile ya mnyororo. Dada Perpétue wa kanisa letu alisimama mu maombi, akaanza kutubu. Akataja batu na majina yabo! Wazee bakasema futa sasa hivi. Nikafuta."

"Na programu ya kurekodi, ulizima?"

"Nizime namna gani? Mnyororo haukatwi!"

Mbabazi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Akaandika amri nyingine, na pale kwenye kioo faili ikatokea, kubwa kuliko zote, na kando yake alama kwamba ilishafutwa.

"Hii hapa! Ulitoa jina yake kwa orodha tu. Programu bado inashika faili, inaandika ndani mchana na usiku. Mpaka iachilie, diski hairudishi nafasi. Nazima, nawasha tena. Dakika moja."

"Hata dakika!" Anselme akaruka. "Wazee waliapa mbele ya Mungu kila neno litarekodiwa. Afadhali ufute dosiye."

"Gari yangu ya Mbarara inaondoka. Amueni nyinyi."

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikaingia kanisani. Mukamana, aliyeongoza mnyororo, alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi la kwanza, sauti imemkauka. Nikashuka kando yake polepole, magoti yakilalamika, nikamweleza sikioni.

Hakufumbua macho.

"Nani amekwambia mashine inaomba? Muzime. Sisi tunaendelea."

Akarudia zaburi yake, kwa nguvu zaidi.

Mbabazi akazima programu. Papo hapo zaidi ya nusu ya diski ikawa wazi, na toba ya Perpétue ikaondoka kweli, mahali ambapo hakuna mwenye flash angeifikia. Kisha akawasha upya.

Nikaomba nisikilize hubiri moja tu la Grégoire. Anselme akaangalia viatu vyake.

"Mama Pasta... jana nilikuwa nimeshafuta karibu yote mu dosiye yake, nikaogopa kusema. Nilifikiri ni yeye anakula nafasi."

Ilibaki faili moja, ndogo. Mbabazi akanivisha visikilizio masikioni kwa upole, kama mtu anayemvisha mgonjwa kofia.

Halikuwa hubiri. Yalikuwa matangazo. Posho itagawiwa Alhamisi badala ya Jumatano. Ng'ombe amepotea akitokea Endiinzi, mweusi, pembe moja imevunjika. Kina mama wapeleke watoto kwenye chanjo. Akakohoa kile kikohozi chake. Halafu akasema, "Mama Emery, mutoe huyo mtoto nje, hatusikilizani."

Mama Emery ni mimi.

Nikamwambia Mbabazi ainakili kwenye flash mbili. Anselme alitaka kuomba msamaha palepale. Nikamwambia angoje, zamu ya kikundi changu ilikuwa imefika, na nilitaka kupiga magoti kabla sijamtolea neno baya.