Maganda Mferejini

Ruguru alimwokota yule kamba kwa vidole viwili, akamwinua juani, na jua likapenya likatokea upande wa pili. Macho yalikuwapo. Miguu yote ilikuwapo, zile ndevu ndefu zilikuwapo, hata mkia ule wa kama kipepeo. Ila ndani hamkuwa na kitu. Alikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu.

Akainama tena kwenye kizimba cha wavu. Akapata mwingine, na mwingine tena. Wote wazima kwa nje, wote watupu.

"Yesu wangu," alisema peke yake, "ni nani huyu anakula ndani anaacha nje?"

Maana kila mlaji ana alama yake. Paka huacha manyoya, mbwa huacha mfupa, fisi haachi kitu. Lakini mlaji wa kunyonya mnyama bila kumtoboa ngozi, huyo Ruguru hakuwahi kumwona wala kusimuliwa, na maishani alikuwa amesimuliwa mengi. Aliyatupa yale maganda kwenye nyasi, akapangusa vidole kwenye leso, akapangusa tena.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Akina mama wa kikundi walikuwa wakiwalisha na kuwalinda wale kamba kwa zamu, tangu watafiti walipowaleta baada ya mvua ya masika. Waliletwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, wadogo kama siafu, wakatiwa vizimbani papo hapo mferejini, pale watu wanapochotea maji na kufulia. Sisi watu wa Mbeere si watu wa kula kitu cha majini chenye miguu mingi. Mzee Mbogo wa kanisani alipomwona kamba mara ya kwanza alisema, "Huyu ni panzi aliyebatizwa," na watu wakacheka mpaka mtafiti mwenyewe akacheka.

Mtafiti aliitwa Phyllis, msichana wa Embu mjini, mtaa wa Dallas, mpole lakini haogopi matope. Aliwaeleza watu baada ya ibada kwamba mferejini mna konokono wadogo, na konokono hao hubeba minyoo ya kichocho, na minyoo hiyo humwingia mtu kwenye ngozi akiwa ndani ya maji tu, bila hata kuyanywa. Kamba naye hupenda konokono kama mtoto anavyopenda muwa. Kamba wakila konokono, watoto watabaki wazima. Na kamba wakikomaa, kikundi kitawauzia wenye hoteli. Watoto wa shule wakapimwa mkojo, waliokuwa na ugonjwa wakapewa vidonge.

Kathambi, mjukuu wa Ruguru, hakupimwa. Wakati huo alikuwa bado Timau kwa wazazi wake, Njeru mwana wa Ruguru na mkewe Kathure, ambao hufanya kazi kwenye shamba la maua. Huko ni baridi, watoto hawaogelei. Aliletwa baadaye kwa Cucu wake, yaani bibi yake, msichana wa miaka minane mwenye jina la bibi yake mwingine, yule wa Mikinduri, mzaa mama. Kulea mtoto mwenye jina la mama mwingine si mchezo. Akikwaruzwa tu, utaulizwa na koo mbili.

Basi Ruguru alirudi nyumbani, akamkuta Kathambi amesimama nyuma ya choo, ameshika sketi yake kwa mikono yote miwili.

"Cucu, usinichape."

"Nikuchape umefanya nini?"

Mtoto akatazama chini. "Nimekojoa damu. Na jana pia. Na inachoma."

Ruguru alimvuta mtoto, akamshika shavu, akamvuta kope chini kama wanavyofanya zahanati. Ndani ya kope palikuwa peupe. Pamekauka damu! Akamshika mkono, na ule mkono akauona mwembamba, mwepesi, mwepesi kama...

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana kichwani mwake. Kile kilichowanyonya kamba kimehamia kwa mtoto. Kimewamaliza wale, sasa kimeanza huyu, polepole, kutoka ndani, na mwisho atabaki na macho na vidole na nywele alizosukwa Jumamosi, na jua litapenya.

"Ingia ndani. Kunywa uji. Usiguse maji, hata ya kunawa!"

"Cucu, unaenda wapi?"

Ruguru alikuwa ameshavuka ua.

Gichovi, jirani yake, alikuwa kwenye shamba lake la muguka, yale majani wanaume hutafuna, pampu ya dawa mgongoni. Alimwona anavyokuja akazima pampu.

"Mama Njeru, unakimbia hivyo, umeona simba?"

"Afadhali simba. Simba ana meno, unajua anaanzia wapi." Akamweleza yote, maneno yakigongana mdomoni.

Gichovi alisikiliza, kisha akapiga paja. "Si nilisema! Nilisema wale panzi wa maji watatuletea balaa. Na yule msichana ananikataza kuosha pampu mferejini, eti wadudu wake watakufa. Wadudu wa muguka wangu wafe, wake waishi?"

"Gichovi, sitaki kesi. Nataka dawa ya kuua kitu kilicho kwenye yale maji."

"Hii haiachi kitu," alisema Gichovi, akachukua chupa chini ya mti.

Walipofika mferejini hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yametulia, na kule kutulia ndiko kulikomtisha Ruguru zaidi. Alipiga magoti ukingoni. Akafungua kifuniko, harufu ikampanda puani mpaka macho yakatoa machozi.

"Mimina basi," alisema Gichovi, amesimama mbali kidogo.

"Ngoja niombe kwanza."

"Utaombea panzi?"

"Namwombea mtoto, mjinga wewe."

Akaomba macho wazi, maana aliogopa kuyafumba karibu na yale maji. Na kwa kuwa yalikuwa wazi, akaona.

Chini ya kipande cha kigae, kamba mmoja alikuwa amelala ubavu, anatetemeka. Ruguru alishika chupa kwa nguvu. Sasa ananyonywa, alifikiri, sasa nitamwona mnyonyaji. Yule kamba akatetemeka tena, halafu mgongo wake ukapasuka, pale kichwa kinapokutana na mwili, kama ganda la njugu linavyopasuka. Pakatokea kitu cheupe, laini. Kikajivuta, kikapumzika, kikajivuta tena. Ghafla kikaruka nyuma, kikatoka chote: kamba mzima, mwenye macho, mwenye ndevu, mlaini kama ulimi. Na pale alipokuwa likabaki ganda, nalo lina macho na ndevu.

"Amejizaa!" alipiga kelele Gichovi, akarudi nyuma, kandambili yake ikabaki kwenye matope. "Mama Njeru, huyo mdudu amejizaa mwenyewe!"

"Nyamaza. Amevua nguo."

Vitendawili alivijua Ruguru tangu utotoni, hata alipokuwa darasani mwalimu alimwita kuwategea wenzake. Lakini nguo yenye macho, ambayo mwenyewe akiivua huiachia macho yake, hiyo hakuwahi kutegewa na mtu. Alikaa kitako kwenye nyasi, kifuniko mkononi. Kumbe hakuna aliyekufa. Yale maganda ni nguo kuukuu tu.

Angefurahi. Alitaka kufurahi. Lakini baridi ilimpanda kutoka miguuni. Kama majini hamna mnyonyaji, ni nani basi anayekunywa damu ya Kathambi?

Akafunga chupa, akamtupia Gichovi, akarudi nyumbani mbio. Alimbeba mtoto mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia, akaelekea zahanati. Watu walimsalimu njiani hakuwasikia.

Phyllis alikuwa kwenye chumba cha nyuma, ana koti jeupe lenye matope mfukoni.

"Cucu Ruguru! Kamba wameamkaje?"

"Wacha kamba. Tazama mtoto."

Phyllis hakuuliza mengi. Alimpa Kathambi kikombe cha plastiki, na mtoto alipokirudisha, mkojo wa mwisho ulikuwa mwekundu kama maji yaliyosuuzia nyama. Akauvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akausukuma kupitia kichujio kidogo, akaweka chini ya hadubini. Alitazama kwa muda ambao Ruguru aliona ni kama mahubiri mawili.

"Njoo uone."

Ruguru aliinamisha jicho. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha zikaja punje, nyingi, kama nafaka ya wimbi iliyomwagika, na kila punje ina mwiba mkiani.

"Hayo ni mayai ya kichocho," alisema Phyllis. "Miiba ndiyo inachana kibofu, ndiyo sababu ya damu. Atapona, Cucu. Kuna vidonge. Lakini nieleze, huyu anaogelea wapi? Pale kwa kamba konokono wamebaki wachache sana."

"Haogelei pale. Nilimkataza kukaribia wale wadudu. Nilimwambia watamuuma."

"Ninaogelea juu," alisema Kathambi, sauti ndogo. "Kwa matete. Cucu alisema niende mbali na wadudu, nikaenda mbali."

Ruguru alitafuta pa kushika, akashika meza.

"Kule juu," alisema Phyllis taratibu, "hatujaweka kamba."

"Kwa nini?"

"Ili tulinganishe. Sehemu moja iwe na kamba, nyingine isiwe nao, halafu tuone tofauti. Utafiti hufanywa hivyo. Tuliweka kibao cha onyo pale, na watoto wa kule tunawatibu pia..."

"Kwa hivyo huyu ndiye tofauti yenu?"

Phyllis alisukuma hadubini kando. "Huyu hatukujua amekuja, Cucu. Tulipaswa kujua. Tulipaswa kupita tena nyumba kwa nyumba."

"Na mlipaswa kutuambia kamba huvua nguo! Leo nimeshika dawa ya Gichovi juu ya maji yale."

Msichana wa watu alikaa chini. "Uliimwaga?"

"Sikuimwaga."

"Kamba wangekufa wote kabla hujasimama. Konokono hata wasingejali. Na wanaochota maji kule chini..." Hakumaliza, na Ruguru hakutaka amalize. Alipangusa mikono kwenye leso, ingawa haikuwa na tone la dawa.

Kathambi alisimamishwa kwenye ubao wa kupima urefu, maana idadi ya vidonge hufuata urefu, akahesabiwa vidonge, vikubwa, vichungu. Alipewa kwanza githeri, yale mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, kisha vidonge na maji. Kufika jioni akashikwa na kizunguzungu, akatapika kidogo, tumbo likamkata. Phyllis alikuwa ameshasema hayo yanaweza kutokea na yatapita, lakini nani atauambia moyo wa bibi hivyo? Ruguru alimpakata akimhesabia pumzi, simu ikalia, ni Kathure kutoka Timau.

"Mama, mtoto hajambo?"

Ruguru alitazama simu. Angeweza kusema hajambo.

"Ni mgonjwa, mwanangu. Ni kichocho. Amepata dawa. Mimi ndiye nilimfukuza kwenye maji mazuri nikampeleka kwenye mabaya."

Kathure akasema, "Nije nimchukue?"

"Ukitaka, njoo. Lakini atapimwa tena hapa, na mimi nataka kuwa pale nisikie kwa masikio yangu."

Kathure hakuja. Ila alipiga simu kila siku, na kila siku Ruguru alimweleza rangi ya mkojo wa mtoto kama mtu anayetangaza hali ya hewa: leo bado mwekundu, leo kama chai, leo kama chai ya mtu maskini. Maji ya kuoga ya Kathambi yakawa ya pipa, yakikaa siku mbili yamefunikwa kabla hayajamgusa, maana Phyllis alisema kidudu cha kichocho hakimalizi siku hizo kikiwa hai bila kumpata mtu. Mtoto alilalamika kwamba yananuka pipa.

"Nuka pipa uwe hai," alisema Ruguru.

Halafu akaenda kwenye mkutano wa kikundi akasema jambo moja tu. Kama watafiti hawataki kamba pale kwenye matete, basi kutakuwa na mama. Zamu ni zamu; wakilinda kamba wanaweza kulinda watoto. Gichovi, ambaye hakuwa mwanachama, alisimama mlangoni akasema zamu ya wanawake ikiisha yeye atakaa, na pampu yake siku hizi anaoshea shambani. "Mdudu anayejizaa sigombani naye," alisema, wakacheka, lakini hakuna aliyemwambia atoke.

Majuma yalipita, siku ya kupimwa tena ikafika. Kathambi alipeleka kikombe mwenyewe. Phyllis aliinamia hadubini. Ruguru alisimama mlangoni, hakuweza kuingia, hakuweza kutoka. Alimtazama Phyllis shingo, akijaribu kusoma shingo. Shingo haikusema kitu. Mkono ukageuza kidude, ukageuza tena.

"Unatafuta nini muda wote huo? Sema!"

"Natafuta hata moja, Cucu." Phyllis aliinua uso. "Sioni hata moja."

Ruguru hakupiga vigelegele. Alimwita mtoto, akamvuta kope chini, akatazama pale ndani pekundu. Akatazama na kope la pili, asije akadanganywa na la kwanza. Kisha akafunga leso vizuri kiunoni, akachukua fimbo yake.

"Twende, Kathambi. Utanisindikiza mpaka njia panda, halafu uende nyumbani."

"Na wewe, Cucu?"

"Mimi niko zamu kwenye matete. Jua bado kali, na watoto wa jirani Njue nimewaona wakielekea huko na taulo."