Mahando Saba ya Ufunguzi

Dinah alikuwa amekalia gunia akikunja bafta, palepale kilipokuwa kibanda chake kabla trekta ya kubomoa haijapita. Kila basi la Lamu lilipoingia stendi ya Garsen aliinama, akaukinga weupe ule kwa kifua, vumbi likamtua mgongoni. Hando ni sketi ya kunjo juu ya kunjo, kila moja upana wa kidole. Likichafuka kabla ya kuvaliwa, halina mnunuzi. Lilikuwa fasheni tangu enzi za nyanya wa nyanya yake, na mjini hapa ni yeye peke yake aliyelishona na kuliuza, kwa maharusi na kwa wacheza ngoma.

Ng'ambo ya barabara soko jipya lilikuwa tayari. Vyumba ni vya wenyeji, ndivyo walivyotangaziwa, na atakayekosa chumba asionekane tena akiuza barabarani. Dinah alitoka Ganze akiwa bibi harusi, miaka kumi na tisa iliyopita. Watoto wake wote walizaliwa hapa, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi.

Afisa wa soko, kijana aitwaye Godhana, hakuwa mkali hata kidogo. Alimpa kiti, akamuuliza hali ya watoto, akajaza fomu mpaka mstari wa mume. Dinah akamwambia kwamba Randu ni marehemu.

"Pole, mama. Mlimzika wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Ganze," alisema Dinah, tena kwa fahari, maana aliuza cherehani ili mwili upate gari, mumewe alale kwao karibu na baba yake. Tangu hapo alishona kwa mkono.

Godhana akaandika. Kisha akamweleza taratibu kwamba mwenyeji ni yule anayezika hapa, na yeye mwenyewe ameshasema nyumbani kwake ni wapi. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vya shemeji wa mkubwa fulani, mtu anayeishi Mombasa. Huyo, bila shaka, ana makaburi mazuri Garsen.

Dinah alipofika mlangoni akaitwa tena. Siku ya ufunguzi yangehitajika mahando saba, wakubwa waone utamaduni wa hapa. Akajibu kwamba yatakuwa tayari. Hakujua kwa nini alikubali. Mdomo ulisema tu.

Siku hiyo aliwafunga wasichana mahando mmoja mmoja nyuma ya vyoo vya soko, uzi ukiwa kati ya meno. Hakuhisi kitu. Vidole vilijua kazi yao. Ngoma ikaanza, na mwenye kipaza sauti akayasifu mavazi ya asili yetu. Dinah hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana, na jua lilikuwa kali, basi akajipenyeza chini ya hema, akakalia kiti cha plastiki cha mwisho.

Askari akamwinamia.

"Hapa ni pa wageni, mama," alimwambia kwa upole. "Wenyeji wako kule juani."

Dinah akainuka, akaenda kusimama nao.