Makopo Matatu na Kifungu cha Tisa

Tak! Mfuniko wa kopo la kwanza. Kisha kijiko: kwaru, kwaru. Alfajiri, taa imezimwa, mama yuko mezani anachanganya viungo vya keki, nami nimejifunika gubigubi, hatua tano tu kutoka kwake, nahesabu.

Chumba kilikuwa hicho kimoja, cha kulala na cha duka. Mama alioka keki kwa jina la kampuni. Ubao wao mwekundu ulining'inia juu ya mlango wa duka letu, na watu walipanga foleni kwa ajili ya jina lile. Katika mkataba aliotia sahihi, kifungu cha tisa kilisema mchanganyiko ni siri: asimwambie wala asimwonyeshe mtu, hata mtoto wake. Ukubwani, nilipokuja kusoma mambo ya mikataba shule ya jioni, mwanangu amelala mgongoni kwangu, nilikikuta kifungu cha namna hiyo nikacheka peke yangu.

"Mama mtoto, kuna nini?" mwalimu akauliza.

Ningemweleza vipi kwamba namjua mwanamke aliyekitii kwa kuzima taa? Harufu ya alfajiri zile naitamani mpaka leo.

Siku moja alinikuta nyuma ya mlango nikicheza mapishi, napima mchanga kwa kizibo cha soda. Akatazama vipimo vyangu, beseni likamning'inia mkononi.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna. Nasikia ukichota."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Makubwa! Macho yana kope, lakini masikio Mungu hakuyapa mlango." Kisha kicheko kikamkauka.

Kilimkauka kwa sababu alikijua kifungu. Na haukupita mwezi, mkaguzi wa kampuni akabisha hodi. Mwokaji wa mtaa wa pili alikuwa akiuza keki zenye ladha ileile, bila ubao.

"Siri imevuja, dada," alisema. "Ikiwa imevujia hapa, ubao naondoka nao leo."

Hakuwa mtu mbaya. Alikagua sanduku la kitabu cha kazi, kile cha kampuni chenye mchanganyiko, akakuta kufuli zima, akashukuru. Halafu macho yake yakaniangukia.

"Aa! Kumbe nilikuwa naongea na vibarua, bosi mwenyewe huyu hapa. Njoo, bosi. Mama anatia nini kwenye keki?"

Mama aliacha kufuta meza. Nilimtazama nikitaka anikonyeze, anipe neno. Wapi!

"Mjibu mgeni wako, mwanangu," alisema. "Usimdanganye."

Sauti yake ilikuwa ya kila siku, ila kitambaa alikikamua mpaka maji yakamchuruzikia miguuni.

Nilikuwa najua. Kila kopo nililijua kwa mlio na kwa harufu, na vijiko vyake nilivijua kuliko namba za shule. Hesabu yenyewe siiandiki hapa, ingawa mkataba ule ulikwisha miaka mingi iliyopita. Ulimi uliniwasha. Mtoto gani hapendi kusifiwa kuwa anajua? Lakini niliona miguu ya mama imelowa, naye hata haangalii chini.

Nikatafuta ndani ya ukweli wote nilionao, nikapata mmoja unaotosha. Nikanyoosha shingo, nikasema kwa sauti:

"Mama hajawahi kuniambia."