Rafu ya Watoto Wajao

Kila mtu aliniambia biashara ya vitu vya watoto haianguki, eti hapa mtaani Rhonda watu huzaa kila siku. Kuzaa wanazaa. Ila mwanamke mjamzito wa mtaa huu haingizi hata soksi ya mtoto nyumbani kabla mtoto hajalia. Ni kujiitia mkosi. Jambo hilo nililijua fika, maana hata mimi nilimngoja Natalie wangu azaliwe ndipo nikatuma mtu akanunue nepi. Lakini siku ya kukodi duka akili ilinitoka kabisa. Nikajaza masweta, nikakaa, nikawatazama wenye mimba wakipita huku wameangalia upande wa pili.

Karibu nifunge. Ndipo nikabuni ile rafu.

Kila mjamzito alikuja, akachagua vitu, akalipa polepole. Mimi nilivifunga kwa leso, nikaandika jina lake, nikaweka kwenye rafu juu ukutani. Nyumbani kwake hakikuingia kitu, kwa hivyo mkosi haukuwa na pa kubisha hodi. Mtoto akishalia, baba angekuja kuchukua. Rafu ikajaa. Nilijiona mjanja kupindukia, nikaanza hata kuota tawi kule Milimani kwa matajiri.

Jepkorir, msichana wa Kuresoi aliyeolewa hapa mtaani, alichagua sweta ya manjano. Nilimwambia hiyo ni kubwa, achukue ndogo.

"Wacha ikuwe kubwa, mathe," alisema akicheka. "Atakua nayo."

Asubuhi moja mumewe, Kipkorir, akaingia. Dukani kulikuwa na wanawake wawili wenye mimba, wakichagua kofia.

"Nimekuja kuchukua mzigo ya Jepkorir."

Mmoja akapiga makofi. "Amepata! Kijana ama msichana?"

"Msichana," alisema. "Tunaenda kumzika."

Zile kofia zilirudishwa mezani taratibu. Nilijua hapo hapo nimekwisha. Ningeweza kumwambia azunguke nyuma, au nikane kwamba nina kitu chake, na Mungu anisamehe, nilifikiria hivyo. Kisha nikapanda kiti, nikashusha kifurushi mbele ya macho yao.

Hakuondoka. Alikishika tu.

"Jepkorir alipasuliwa, bado amelazwa, hajaamka vizuri. Mimi sijui kuvalisha mtoto, mathe. Nisaidie."

Nikafunga duka, tukaenda mochari. Sitaeleza yale ya huko. Nilimvalisha, nikamfunga kofia, nikampa baba yake.

Habari zilienea Rhonda nzima kabla sijafungua tena. Vifurushi vya wengine vilikuwa vimelala rafu moja na cha marehemu, nani angevitaka? Walikuja kudai pesa zao wakiwa wamesimama nje, kizingiti hawakukivuka. Hata waliojifungua salama walinunulia mtaa jirani wa Kaptembwo. Niliwachukia, kisha nikakumbuka kwamba wakati wangu ningefanya vivyo hivyo.

Nilikuwa nikifungasha masweta yaliyobaki kwenye magunia Jepkorir alipoingia. Alikuwa wa kwanza kuvuka kizingiti tangu siku ile. Alikuwa amekonda, na blauzi yake ilikuwa na alama za maziwa.

"Walimzika kabla niamke," alisema. "Sikumwona. Na kwa nyumba hakuna kitu yake hata moja. Mzigo yake ilikuwa inakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Rafu ilikuwa tupu. Alinyoosha mkono, akapapasa ubao mahali kifurushi kilipokuwa. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na ujanja wangu wa kumwekea mtu vitu mbali na nyumba yake.

"Kipkorir anasema ni wewe ulimvalisha. Sweta ilimtosha?"

Uongo ulinijia mdomoni, nikaumeza.

"Ilikuwa kubwa, mama. Nilikunja mikono ya sweta mara mbili."

Mkono wake ulikuwa bado kwenye ubao.

"Angekua nayo," alisema.